Saa ya Kiarabu Jikoni kwa Mama Kavinya

Ikifika saa kumi na moja jioni, wapangaji wa ghorofa ya nne walijua kinachofuata. Kwanza mlango wa jikoni kwa Mama Kavinya ulifunguliwa ili harufu ya vitunguu ipate pa kutokea. Kisha sauti ya msichana ilisikika hadi kwenye ngazi, kali kama ya askari wa kanjo aliyemkuta mchuuzi mahali pabaya.

"Taali! Yalla, yalla! Jibi moya!"

Sauti ya mtu mzima ikaitikia kwa unyenyekevu, "Hadhir."

"Dahin!"

"Hadhir, madam. Hadhir."

Baada ya hapo kilikuja kicheko cha watu watatu, mfereji ukafunguliwa, sufuria ikagongwa, na amri zikaanza upya.

"Mama Kavinya," Norah, jirani wa mlango unaotazamana na wake, alimwambia siku moja akiwa amesimama kizingitini na bakuli tupu mkononi, "mimi hicho Kiarabu sikijui, lakini mtu akinisemesha hivyo nitamtupia mwiko. Huwa mnasoma ama mnagombana?"

"Tunasoma, Mama Owiti."

"Haya. Basi mkimaliza kusoma mniazime chumvi. Na mniletee kwa upole, tafadhali. Mimi moyo wangu ni mdogo."

Wayua, yaani Mama Kavinya mwenyewe, alicheka, akamjazia bakuli. Hakujali watu walisema nini kuhusu kelele zile. Kama jengo lote pale mtaani Tassia lingekuja kulalamika, yeye angewakaribisha chai, kisha angewaomba watoke ili aendelee, kwa maana saa ile moja ndiyo iliyomrudishia binti yake.

Kavinya alikuwa na miaka mitatu Wayua alipokwenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani, na mdogo wake, Ndete, ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Watoto walibaki Machakos kwa mama mkwe wake, ambaye wao walimwita susu. Mumewe, Mbaluka, alibaki Nairobi na kazi yake ya ukarani wa stoo katika kiwanda kimoja cha magodoro huko Industrial Area. Wayua alikaa ughaibuni miaka minne. Aliporudi, alileta sanduku la nguo, maumivu ya mgongo, na lugha ambayo hakuna mtu Tassia aliyemuuliza habari zake.

Familia ilipokusanyika tena chini ya paa moja, Ndete hakumsumbua. Watoto wa umri wake humfuata yeyote mwenye biskuti, na baada ya wiki moja alikuwa tayari anapanda mgongoni mwa mama yake kana kwamba hakuwahi kushuka. Kavinya ndiye aliyekuwa na shida, na shida yake ilikuwa adabu.

"Naomba kufungua friji," alikuwa akisema.

"Fungua, mama. Ni friji yetu."

"Asante. Naweza kuchukua mkate?"

"Chukua wowote unaoutaka."

"Asante sana."

Wageni walimsifu Wayua kwa malezi mema. Yeye zile asante zilimchoma. Mtoto haombi ruhusa ya kula mkate nyumbani kwao, anaukata tu na kuacha makombo mezani ili agombezwe. Kavinya hakuacha hata kombo. Na kila Jumapili, alipozungumza na susu kwa simu, alimwita "Mama" bila kufikiri, kisha akamtazama Wayua kwa haraka, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu kanisani.

Iliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Halafu mwalimu wa darasa akawapa watoto kazi ya nyumbani: kila mmoja amwombe mzazi amfundishe maneno machache ya lugha ya kigeni. Watoto wengine walikwenda shuleni na bonjour. Kavinya alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma, akauliza, "Kule ulikokuwa, maji wanayaitaje?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu kule.

"Moya," Wayua akasema, naye akageukia sinki asionekane uso.

"Na 'leta'?"

"Ukimwambia mwanamke, jibi."

"Jibi moya," Kavinya akajaribu. Kisha, kwa mara ya kwanza, bila kuomba ruhusa, alivuta mtungi wa maji uliokuwa mtupu, akaulaza, akaukalia. "Niambie lingine."

Tangu siku ile mtungi ule ukawa kiti cha mwanafunzi. Ndete alikaa juu ya gunia la makaa. Wayua alikata sukuma wiki huku akifundisha, kwa sababu hakujua kufundisha akiwa amekaa bure. Aligundua kwamba watoto walikuwa tayari na akiba yao. Samaki ni samak, sabuni ni sabun, sukari ni sukkar, kalamu ni kalam.

"Manze, hawa watu walituibia!" Ndete alisema.

"Ama ni sisi tuliwaibia," dada yake akamjibu.

"Basi tusiwaambie."

Herufi zilikuwa kazi nyingine. Wayua alikuwa amekiishi Kiarabu miaka minne bila kukisoma. Kwa hiyo alijifunza pamoja nao kwa kutazama video kwenye simu, na kwa kusoma maboksi ya tende aliyokuwa akiyanunua Eastleigh. Ukuta wa jikoni ukajaa makaratasi ya boksi yaliyokatwa kwa mkasi. Walishindana kuona nani atakayesoma neno zima kutoka kulia bila kukwama, na mara nyingi mshindi alikuwa Kavinya, ambaye kidole chake kilitembea juu ya herufi kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba.

Lakini kilichopendwa kuliko vyote ulikuwa mchezo wa madam. Mtoto mmoja alikalia mtungi na kuwa madam wa nyumba. Wayua akawa mfanyakazi. Madam aliamrisha kwa Kiarabu: njoo, keti, inuka, leta maji, safisha hapa, mbona umechelewa, fanya haraka, sasa hivi! Na mfanyakazi alilazimika kuelewa na kutekeleza huku akiitikia "hadhir," yaani nipo tayari. Madam akikosea neno, alipoteza kiti. Watoto walikuwa hodari kupindukia. Kavinya, yule wa asante kwa kila kijiko, aliinua kidevu, akanyoosha kidole, na kumkimbiza mama yake jikoni nzima. Wayua alikimbia kwa furaha. Kama mtoto anakuamrisha, alijiambia, basi amekuzoea.

Mbaluka aliyatazama hayo yote kwa uso wa karani anayehesabu magodoro na kuona hesabu haikubaliani. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliimba besi katika kwaya, alikunja suruali zake mwenyewe, na kila jambo alilipa muda wake.

"Mama Kavinya," alisema jioni moja baada ya chakula, "pale kanisani mtu ameniuliza kama tumehama dini."

"Tumehamia wapi?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akasema mtoto wetu aliwasomea wenzake boksi la tende kwa Kiarabu katika Sunday school."

"Alilisoma vizuri?"

Mbaluka alijizuia kucheka. "Si hoja. Hoja ni hesabu. Umeiona ripoti ya Kavinya. Mwalimu Luseno wa ghorofa ya pili anafundisha watoto hesabu kila jioni, na saa yake ni ile ile ya kumi na moja. Jioni hana nyingine. Mimi sina ugomvi na Kiarabu, lakini nataka kuona kinafanya kazi gani."

"Kinafanya kazi," Wayua alisema. Hakuongeza neno. Angemwelezaje mumewe kwamba kazi yake ilikuwa kumkalisha msichana mmoja juu ya mtungi?

"Sawa. Basi tufanye hivi. Yule mama Msudani wa ghorofa ya chini, Bi Nafisa, tumwalike chai Jumapili. Watoto wazungumze naye. Wakizungumza wakaelewana, mimi nitanyamaza na hutanisikia tena. Wakishindwa, saa kumi na moja ni ya Mwalimu Luseno. Umekubali?"

Wayua alimtazama Kavinya, aliyekuwa akifuta meza na kujifanya hasikii.

"Nimekubali," akasema.

Bi Nafisa alikuwa amehamia jengo lile na binti yake baada ya vita kuwatoa Khartoum. Alikuwa mama mzee, mrefu, aliyejifunga mtandio mpana wa rangi, ambao ukianikwa juu ya paa ulichukua kamba tatu na kuwafanya wanawake wengine wanung'unike. Wayua alikuwa akimsalimia kwa salamu ya kawaida wanapokutana kwenye ngazi, kisha akipita haraka. Ilikuwa ajabu kwamba mtu mwenye Kiarabu chake hakuwahi kukaa naye hata mara moja. Kila alipotaka kumwambia jambo, neno pekee lililomjia mdomoni lilikuwa "hadhir." Alidhani ni haya tu.

Jumapili ilipofika, watoto walikuwa wamesafishwa hadi wanang'aa. Ndete alivalishwa shati la kanisani. Kulikuwa na mahamri, tende, na chai ya tangawizi. Norah alikuja kuazima sukari ambayo kila mtu alijua hakuihitaji, akajipatia kiti karibu na mlango.

Bi Nafisa aliingia akihema kwa sababu ya ngazi, akiwa na sahani ya biskuti alizooka mwenyewe. Alitoa salamu, wote wakaitika vizuri, na Mbaluka akaegemea kiti chake kama hakimu.

"Jina lako nani, binti yangu?" Bi Nafisa alimuuliza Kavinya kwa Kiarabu, polepole.

Kavinya alifungua kinywa. Wayua aliona macho ya mtoto yakikimbia huku na huko yakitafuta neno. Swali lile hawakuwahi kulisoma. Katika mchezo wa madam hakuna anayemuuliza mwenzake jina. Kavinya akameza mate, akashika lile alilolijua zaidi kuliko yote.

"Taali!" alisema kwa sauti safi, akionyesha sofa. "Ijlisi! Yalla!"

Njoo. Keti. Haraka!

Nyusi za Bi Nafisa zilipanda kidogo. Akaja. Akaketi.

"Ameelewa!" Mbaluka alimnong'oneza mkewe.

Ndete hakutaka kuachwa nyuma. Alimwona mgeni anahema, akaona ni vyema apewe maji. Alisimama mbele yake, akanyoosha kidole kama alivyozoea, akatangaza, "Jibi moya! Dahin!"

Bi Nafisa alimtazama mtoto, akatazama chumba, kisha, taratibu, akajiinua kutoka kwenye sofa, akakusanya mtandio wake, akaanza kuelekea jikoni kumtafutia kijana maji.

"Tazama!" Mbaluka alipiga paja. "Mama Kavinya, nimeshindwa! Mtoto anasema, mtu mzima anainuka! Mimi huwaambia vijana wangu wa stoo maneno ishirini na hakuna anayejongea."

"Hata mimi nimeona," Norah alisema kutoka mlangoni. "Hiyo lugha ina nguvu, jamani."

Kavinya, aliyetiwa moyo, alimfuata mgeni kwa amri nyingine: safisha pale, mbona umechelewa? Uso wake uling'aa. Aligeuka kumtazama mama yake, akitaka kuona kama amefurahi.

Na hapo Wayua akasikia. Si kwamba hakuyajua maneno yale. Aliyajua kuliko alivyolijua jina lake. Lakini jikoni, yakitoka kwa watoto na kuishia kwa kicheko, yalikuwa mchezo. Sasa yalimwangukia mwanamke mzee aliyepanda ngazi nne na sahani ya biskuti, naye Wayua akaiona sebule ile ya Jeddah, zulia lake, na yeye mwenyewe akiinuka vile vile, taratibu, akikusanya nguo yake. Alikuwa amewapa watoto wake kila alichoambiwa. Mtu asiyejua angedhani amewafundisha Kiarabu, kumbe amewafundisha kuwa madam.

Alikuwa ameshinda. Mumewe alikuwa tayari amekubali mbele ya shahidi. Alichotakiwa kufanya ni kumimina chai na kunyamaza, na saa yake ingebaki kuwa yake.

"Ngojeni," alisema.

Alikwenda jikoni, akamshika Bi Nafisa mkono, akamrudisha kwenye sofa, akamimina maji kwenye gilasi na kumpa kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mumewe.

"Hawajazungumza, Baba Kavinya. Wamemwamrisha. Ndete amemwambia alete maji sasa hivi. Kavinya amemwambia asafishe, tena amemuuliza kwa nini amechelewa."

Norah aliweka chini kikombe cha sukari.

"Mgeni?" Mbaluka akauliza.

"Mgeni."

"Ati sisi tumemtukana?" Kavinya aliuliza, akaanza kulia.

"Hamkumtukana, mama. Ni mimi. Ndiyo maneno niliyokuwa nayo."

Bi Nafisa hakujua Kiswahili, ila alikuwa amelea watoto sita, na nyuso hazihitaji mkalimani. Akaanza kucheka. Alicheka hadi mtandio ukamteleza kichwani, akamvuta Ndete karibu na kumbana mashavu. Halafu akamgeukia Wayua, akamuuliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, "Ulifanya kazi kwenye nyumba ya watu?"

"Ndiyo," Wayua alijibu. "Jeddah."

"Katika nyumba hiyo kulikuwa na mtoto?"

"Ndiyo. Msichana. Layan."

"Layan ulikuwa ukimwambia nini?"

Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Alipofika kule, Layan alikuwa na miaka mitatu. Yeye ndiye aliyemlisha, akamsuka, akamtembeza barazani alipougua homa. Bibi yake yule mtoto alikuwa akimwita mjukuu wake kwa maneno matamu, na Wayua akayaokota bila kukusudia, akayatumia, kwa kuwa mtoto analala haraka akiitwa vizuri. Hakuyahesabu kuwa Kiarabu. Tena, tangu arudi, alikuwa ameyafungia mahali asipopagusa. Yalikuwa ni maneno aliyompa mtoto wa mtu, miaka ile ile ambayo wa kwake alikuwa anajifunza kumwita mtu mwingine Mama.

"Sema," Bi Nafisa akamhimiza. "Taratibu."

"Taali, ya rohi," Wayua alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Taali, ya galbi."

Bi Nafisa akaitikia kwa kichwa, mara mbili tatu, kama mtu anayesikia habari za nyumbani.

"Si hiyo 'taali' ni ile ile yetu?" Ndete aliuliza.

"Ni ile ile."

"Na hiyo ingine inamaanisha nini?"

"Njoo, roho yangu. Njoo, moyo wangu."

"Mbona hukutufundisha hiyo?" Kavinya aliuliza. Hakuwa akilia tena. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama siku ile ya mlangoni. "Ulikuwa unamwambia nani?"

Wayua angeweza kusema ni neno la kawaida, kila mtu hulisema. "Mtoto wa kule. Layan."

"Alikuwa mkubwa?"

"Alikuwa kama wewe. Umri wako wa wakati ule."

Mbaluka alikohoa, akautazama ukuta. Norah alichukua mahamri na kuyashikilia bila kuyala.

Kavinya alisogea hatua moja. "Na alikuwa anakuja? Ukimwita hivyo?"

"Alikuwa anakuja mbio."

"Mh," Kavinya akasema. Alichukua sahani ya tende, akampelekea mgeni, na kwa kuwa hakuwa na neno la kumwambia, alimpa tu na kutabasamu. Bi Nafisa alichukua moja, akajigusa kifua na kusema, "Haboba." Akarudia, akionyesha mvi zake, mpaka watoto wakaelewa kwamba kwao Sudani bibi huitwa hivyo. Kisha akamwonyesha Kavinya kidole na kungoja.

"Kavinya," Kavinya akasema.

Basi hatimaye wakajuana majina.

Chai iliendelea hadi jioni. Ndete aliendesha mkutano kwa ishara. Norah alifundishwa kusema asante kwa Kiarabu, akaitumia kuombea biskuti zaidi. Bi Nafisa alipoteremka, Mbaluka alikunja mikono ya shati na kuanza kuosha vikombe, jambo alilolifanya kila alipokuwa na neno zito la kusema.

"Tulikubaliana," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Hawakuzungumza. Wewe mwenyewe umesema, na mimi nisingejua mpaka kesho kutwa. Ungenyamaza tu."

"Najua, Baba Kavinya."

Akasugua kikombe kimoja kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Siwezi kusema hesabu zisisomwe. Luseno nimeshamwambia. Lakini sitamburuta mtu. Kesho saa kumi na moja kila mtoto aende atakako."

Wayua alikubali. Lilikuwa jambo la haki, na kwa sababu hiyo lilimnyima usingizi.

Siku ya pili yake alianza kukata sukuma wiki mapema, kisha akagundua amekata ya watu kumi. Saa kumi na moja ilipofika, Ndete alipita mbio na daftari la hesabu. Rafiki zake wote walikuwa kwa Luseno, na baada ya hesabu kulikuwa na mpira.

"Mathe, si utanikumbuka?" alisema akichungulia.

"Nenda, wewe. Unakwenda ghorofa ya pili, huendi Mombasa."

Kavinya hakuonekana. Mkoba wake wa shule ulikuwa mlangoni, na daftari la hesabu halikuwamo. Wayua alilitazama gunia la makaa, akautazama mtungi uliolazwa. Akausimamisha, maana mtungi ni wa maji. Akaanza kuujaza. Norah alipita kwenye ujia, akaona jikoni kimya, akapunguza mwendo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapita bila kuazima kitu.

Mtungi ulikuwa umefika nusu aliposikia nyayo kwenye ngazi. Zilikuwa za watu wawili, mmoja mwepesi, mwingine akipumzika kila baada ya hatua chache. Kavinya alitokea akiwa amemshika Bi Nafisa mkono, daftari la hesabu likiwa kwapani. Alitazama mtungi uliosimama, na uso ukamkunjamana.

"Mama! Mbona umejaza kiti changu?"

"Nilidhani umekwenda kwa Luseno."

"Nilikwenda. Nimemuuliza kama anaweza kunifundisha asubuhi kabla ya shule, amesema nikiamka anaweza. Sasa Haboba atakaa wapi?"

Wayua alifunga mfereji. Kavinya alimwingiza mgeni wake, akafungua friji bila kumuuliza mtu, akachukua maziwa, akakata mkate akaacha makombo kila mahali. Kisha akasimama katikati ya jikoni, akainua kidevu kama madam wa zamani, akanyoosha kidole kuelekea kwenye sofa la sebuleni ambako alikuwa tayari amemkalisha Bi Nafisa.

"Taali!" akaamrisha.

Halafu kidole kikashuka. Akamtazama mama yake, akaona haya kidogo, akamalizia kwa haraka, "Ya rohi. Na usikawie, Haboba amechoka na ngazi."

Wayua alijifuta mikono kwenye leso.

"Hadhir," akasema, akaenda mbio.